Aliyepo Nyumbani

Mtaa mzima walimwita Digrii, naye alishazoea kuitika. Jina lilianza kama sifa. Siku aliyorudi nyumbani kutoka chuo kikuu, ndani ya suti ya kuazima iliyomkaba kwapani, fundi viatu wa jirani alisimama mbele ya kibanda chake, nyundo mkononi, akapiga kelele, "Digrii hiyoo! Mtaa wetu umepata digrii!" Watu wakatoka milangoni, wakampa mikono, wakamwambia sasa mama yake apumzike. Mwaka ukapita. Wa pili ukaingia. Jina lilibaki lilelile, ila sauti za kuliita zikabadilika. "Digrii, hebu nishikie hii ngazi." "Digrii, kwa kuwa huna shughuli, nisindikizie bibi yako kliniki." Naye akawa anashika ngazi, anasindikiza bibi, maana kukataa kunataka sababu, na sababu hakuwa nayo.

Alisomea upimaji wa ardhi. Mama yake akiulizwa mwanawe amesomea nini, alikuwa anasimama wima, anafumba jicho moja, ananyoosha mkono mbele kama mtu anayelenga shabaha, basi, muulizaji aelewe mwenyewe. Kazi hiyo ya kulenga haikupatikana. Alichopata ni vipande vipande. Aliwahi kukaa njia panda chini ya mwavuli akihesabu magari kwa ajili ya kampuni iliyotaka kujua mangapi yanapita pale. Aliyahesabu mpaka akawa anayaona hata akifumba macho. Aliwahi kusimamia mitihani ya watu wengine, akipita katikati ya madawati na viatu vya raba ili asisumbue. Alifundisha hesabu watoto wa fundi cherehani. Muda mrefu kuliko vibarua vyote alijitolea kwenye ofisi ya ardhi, kazi yake ikawa kutoa fotokopi na kuchemsha chai, na kila akiuliza habari za ajira aliambiwa, "Wewe endelea kuonekana." Akaonekana, akaonekana, mpaka siku moja akakuta kwenye meza aliyokuwa akikalia ameketi mpwa wa mtu, kitambulisho shingoni. Kijana akamuuliza kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, hivi karatasi za fotokopi zinakaa wapi?" Akamwonyesha. Kesho yake hakwenda kuonekana tena.

Hayo yote yalikuwa kabla baba yake hajaanguka.

Baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa kifua kipana na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alistaafu, lakini barabara haikumtoka. Akiwa amekaa kwenye kiti sebuleni, gari likipita nje kwa fujo, mguu wake ulikanyaga breki zuliani. Asubuhi ile mama alikuwa ameshakwenda kazini. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na mpishi wa shule humtangulia jogoo. Digrii alikuwa bado kitandani, chumba cha pili, akijipa sababu za kuamka. Akasikia kitu kizito kimegonga sakafu. Alipofika, mzee alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, soksi moja mguuni na nyingine imebanwa kwenye ngumi, nusu ya uso imeshuka kama kitambaa kilichochomoka msumarini.

Kiharusi, walisema hospitali. Upande wa kulia umekufa ganzi. Akili anayo, anasikia na kuelewa kila kitu, daktari akasisitiza, kwa hiyo msiseme mbele yake maneno ambayo hamtaki ayasikie. Ila usemi umekwenda. Na kweli ulikwenda wote, isipokuwa neno moja. Katika maneno yote ya maisha yake, majina ya wanawe na dua zake na majina ya miji aliyolala, lililobaki ni lile alilokuwa akiwatupia madereva wenzake walipomchomekea barabarani.

"Pumbavu," alimwambia muuguzi aliyemletea maji.

Muuguzi akaduwaa. Mama akajifunika uso kwa kanga. Lakini mzee alikuwa akimshukuru. Ilionekana kwenye macho. Baada ya wiki chache nyumba nzima ilishajifunza lugha hiyo. Kulikuwa na pumbavu ya kiu, pumbavu ya kutaka kugeuzwa, pumbavu ya habari za asubuhi. Na ilikuwepo moja ndefu, ya chinichini, ambayo haikuwa na maana nyingine yoyote ila ileile yake ya zamani.

Mzee aliporudishwa nyumbani, familia ilikutana. Ilikutana kwenye simu, spika imefunguliwa, simu imelazwa juu ya mto. Kaka mkubwa alikuwa karani wa ghala katika mji wa mbali. Dada alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya mkoa mwingine kabisa.

"Mimi nikiomba ruhusa zaidi ya hii niliyokwisha kuomba, wananifuta," alisema kaka. "Mama anajua."

"Mimi huku nawageuza wagonjwa wa watu," alisema dada, na sauti ikamkatika. "Wagonjwa wa watu, mama. Na baba yangu ndiye huyo."

"Mimi nikiacha jiko la shule," mama alisema, "tutakula nini?"

 Halafu kaka akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "Kwani nyumbani nani yupo?"

Digrii alikuwa amekaa pale pale, magoti yakigusa kitanda. Hakuna aliyemtaja. Hakuna aliyemwamuru, wala hakuna aliyemwomba. Yeye ndiye aliyekuwepo, na mkutano ukaishia hapo.

Dada alimfundisha kwa simu ya picha, akiwa amevaa sare yake, ukuta mweupe nyuma yake. "Usimvute kwa ule mkono uliolala, mdogo wangu, utamtegua. Kunja goti lake. Shika bega, shika nyonga. Sasa mviringishe kwako kama gogo. Polepole. Weka mto mgongoni. Umeona?" Kila baada ya saa mbili, alisema, mchana kutwa, la sivyo ngozi itaoza. Akamfundisha kubadili shuka mgonjwa akiwa juu yake. Akamfundisha kulisha: mwinue kichwa, weka chakula upande wa mdomo ulio mzima, usiopooza, subiri ameze, tazama koo, ndipo umpe kijiko kingine. "Akipaliwa, kinaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo tunapowapoteza."

La kuosha hakulisema, na Digrii hakuuliza. Siku ya kwanza aliweka beseni la maji ya uvuguvugu chini, akafunga mlango, akasimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake bila shati. Mzee alimtazama, kisha akageuza uso ukutani akafumba macho, na katika muda wote ule wa kuoshwa hakuyafumbua. Digrii naye alikuwa akitazama dirisha. Walimaliza hivyo, mmoja kafumba, mwingine anatazama nje. Baadaye akamwaga maji uani, akalisugua beseni mara mbili.

Mtu huzoea. Miezi ilivyokwenda alizoea, na mzee akazoea, mpaka ikawa anamwosha huku redio inasema. Asubuhi uji, halafu kumgeuza, halafu mazoezi ya vidole, halafu kufua. Shuka kwenye kamba ya uani zilikuwa nyingi kama za nyumba ya wageni. Wapita njia walimsifu kwa mdomo mmoja: "Mungu atakulipa, Digrii." Halafu wakifika mbele kidogo alisikia mwingine akisema, "Kasoma weee, mwisho wake kufua mashuka." Hakuwachukia. Angekuwa yeye ndiye mpita njia, huenda naye angesema hivyo hivyo.

Ndipo Mrefu akapiga simu.

Mrefu alisoma naye chuo, darasa moja, bweni moja, kijana ambaye kwenye mazoezi ya upimaji kila mara alipewa kushika fito ya kupimia kwa sababu alionekana kutoka mbali. Alikuwa amepata nafasi kwenye kikosi kinachopima njia ya bomba la maji, na msaidizi mmoja wa mpimaji ameacha kazi. "Nimemtajia mkuu wa kikosi jina lako," alisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa bahati itasikia na kukimbia. "Anataka mtu Jumatatu. Ni mkataba, ndugu yangu. Mkataba wa kweli, wa kusaini. Njoo tu na buti."

Digrii aliitoa simu sikioni akaitazama. Alikuwa na kijiko mkono wa pili.

Jioni alimwambia mama. Mama alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu, miguu imevimba kwa kusimama. Hakutafakari hata kidogo. "Nenda."

"Mama, na baba?"

"Nimesema nenda. Nilikuzaa uje kuwa mpimaji, sikukuzaa uje kuwa kitanda cha mtu." Kisha akainama kuvuta kiatu cha pili, na akakaa amejiinamia hivyo muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji.

Kaka na dada wakapigiwa, wakafurahi kweli, kaka akalia kabisa. Ikakubaliwa aje mama mdogo, binamu yake mama, mjane asiye na wadogo wa kuangalia. Alifika Ijumaa na begi lake, mwanamke mwenye huruma na maneno mengi. Digrii akamwonyesha yote, bega, nyonga, mito, koo. Mama mdogo alijifunza vizuri. Ila alipopeleka kijiko kinywani kwa mzee, mzee alibana midomo, ule upande mzima ukakaza kama mlango wenye komeo.

"Ananionea haya shemeji yangu," alicheka mama mdogo. "Atazoea."

"Atazoea," alisema Digrii, akajitahidi kuamini.

Jumapili alfajiri alimwinamia mzee, akamweleza: kazi, kikosi, bomba la maji, miezi kadhaa tu, atapiga simu kila siku. Mzee alimtazama. Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukakamata ukosi wa shati la mwanawe, ukalinyoosha pale lilipokunjika. "Pumbavu," alisema, taratibu. Digrii alitoka na begi mgongoni huku kifua kimejaa. Ilikuwa ni baraka. Angeapa kwamba ni baraka.

Siku zile za kambini hakuzisahau. Walipiga mahema kwenye uwanda wa majani makavu, na asubuhi ya kwanza mkuu wa kikosi, mtu mfupi mwenye kofia iliyopauka, akamkabidhi mashine ya kupimia na ile miguu yake mitatu bila hotuba yoyote. Alifikiri amesahau kila kitu. Lakini mikono ilikumbuka. Akakanyaga ncha za miguu ardhini, akasawazisha mapovu ya kupimia usawa mpaka yakatulia katikati, akaweka jicho. Kule mbali, juu ya nyasi, katika joto linalocheza, akamwona Mrefu ameshika fito, anatabasamu kama mjinga. Digrii alisoma namba kwa sauti. Karani akaziandika. Hakuna aliyemuuliza kama ana nafasi. Jioni aliumwa mgongo, na maumivu yale aliyapenda, maana yalikuwa ya mtu aliyetoka kazini.

Kila jioni alipiga simu nyumbani. "Hajambo," mama alisema. "Wewe fanya kazi." Jioni ya pili, "Hajambo kabisa." Ya tatu mama alisema hivyo hivyo, lakini nyuma yake Digrii akasikia kengele, na sauti ya mwanamke ikiita jina la mgonjwa aliyefuata.

"Mama, mko wapi?"

"Tuko nyumbani, baba."

"Mama."

Mama akaanza kulia, na simu ikachukuliwa na mama mdogo. Mzee hajala tangu Jumapili. Wamembembeleza, wamemfokea, mama yako amepiga magoti na bakuli, hataki. Leo mama mdogo alipobahatisha kumtia supu kidogo, akapaliwa, akawa wa bluu mdomoni. Sasa yuko na dripu. "Na mimi mgongo umenikatika kwa kumnyanyua, mwanangu, nisamehe. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu."

Mkuu wa kikosi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akakuna kichwa. "Nami nina baba," alisema. "Nitakushikia nafasi mpaka Ijumaa ijayo. Zaidi ya hapo nitaulizwa mimi." Mrefu alimsindikiza hadi barabarani akimbebea begi.

Alipoingia wodini, mzee alikuwa amekonda kwa siku hizo chache tu kama aliyefunga mwezi. Digrii akamwinua kichwa, akachota uji, akaweka upande mzima. Mzee akameza. Akameza na cha pili, na cha tatu, hadi bakuli likaisha. Muuguzi alitabasamu: "Alikuwa anamsubiri mwanawe." Mama alicheka huku analia. Digrii alitazama bakuli tupu na akahisi kama mtu aliyefungiwa mlango polepole, bila kelele, na watu wanaompenda.

Walirudi nyumbani. Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa alizitumia kama mtu anayechimba njia ya kutokea. Alimkalisha mama mdogo kwenye kigoda karibu na kitanda, yeye akakaa nyuma yake, mzee akala. Siku iliyofuata akasogea mlangoni. Mzee akala, macho yakimfuata. Siku iliyofuata akatoka nje ya mlango, akasimama ukumbini akiwa amebana pumzi, akisikiliza. Kijiko kiligonga meno. Kikagonga tena. "Shemeji, jamani," sauti ya mama mdogo ilisihi. Bakuli likawekwa mezani. Digrii akaegemeza paji la uso ukutani.

Alhamisi ilimshinda. Aliingia, akachukua bakuli mkononi mwa mama mdogo, akamwomba atoke. Akaliweka mezani kwa kishindo, uji ukaruka.

"Mzee, unataka nini kwangu?" Sauti yake mwenyewe ilimtisha, lakini haikusimama. "Nimekuosha. Nimekugeuza. Mwaka mzima. Nimepata kazi, baba, kazi niliyosomea, uliyonisomesha wewe. Wananisubiri hadi kesho. Mdomo ni wako! Kwa nini usiufungue?"

Mzee alimtazama. Machozi yakamtoka jicho moja tu, la upande mzima. La pili lilikuwa kavu, wazi, kama halihusiki. Digrii aliona aibu hata kisogoni. Akachota kijiko, akakipeleka kinywani kwa baba yake. "Nisamehe. Kula, basi. Kula."

Midomo ikabanwa.

Alidhani ni hasira, akangoja. Akajaribu tena baada ya kumgeuza, akajaribu mchana, akajaribu jioni mama aliporudi. Mzee alibana. Safari hii alimbania yeye. Na kila kijiko kilipokaribia, mkono wa kushoto ulipanda, ukanyoosha kidole kuelekea mlangoni, na kubaki pale ukitetemeka, mpaka ukachoka na kuanguka.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Anakuambia uende," alisema. "Anajua hutakwenda akiwa hai."

 Nje watoto walikuwa wakicheza mpira na kugombania goli.

Ijumaa ilipita namna hiyo, kidole na mlango. Jumamosi asubuhi midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na Digrii, aliyekuwa hajawahi kumdanganya baba yake kwa jambo kubwa, akavuta kigoda, akainama karibu na sikio. "Mzee, kuna habari. Mkuu wa kikosi amepiga simu. Amesema nafasi yangu ipo. Amesema niuguze kwanza, ukipata nguvu niende. Wananingoja. Hawana haraka." Alizungumza kwa sauti nyepesi, ya kawaida, na kila neno lilimkwaruza. "Kwa hiyo ukila, ndiyo nitakwenda upesi. Usipokula, utanichelewesha."

Mzee alimchunguza kwa muda mrefu, kama dereva anayetazama daraja asilolijua. Kisha midomo ikaachia.

Simu ya Mrefu ilikuwa imeingia tangu jana yake, na Digrii hakuwa ameipokea. Alipompigia, Mrefu alisubiri kidogo amsikie akisema. Digrii alianza kumweleza habari za baba yake. "Nimeelewa, ndugu yangu," alisema Mrefu. "Wamemchukua mwingine. Pole. Pole sana."

Tangu hapo uongo ukawa sehemu ya kuuguza, kama mito na beseni. Mzee alikula, akaongezeka mwili kidogo. Lakini kila asubuhi alitaka habari. Alinyoosha kidole dirishani, "Pumbavu?" na Digrii akatoa taarifa: wamevuka bonde, wamefika kwenye mwinuko, mvua imewachelewesha, mkuu anakusalimu. Alizitunga akiwa anafua. Aliwapa watu wa kikosi tabia na magomvi, akamwozesha karani. Mzee alisikiliza kwa furaha kabisa. Alianza hata kufanya mazoezi ya mguu bila kuhimizwa, akiuinua mguu uliolala kwa kuusukuma na mzima, jasho likimtoka, ili apone upesi, mwanawe aende. Hapo ndipo Digrii alipokuwa akitoka uani kidogo.

Dada alikuja likizo, akamgeuza baba yake kwa mikono yake mwenyewe wiki nzima, akamkuta hana hata kidonda kimoja. "Umefanya kazi kuliko wauguzi wangu," alimwambia Digrii jikoni, akamshika mabega. "Sijui nikuambie nini." Kweli hakujua, na likizo ilipoisha aliondoka akiwa bado hajajua. Kaka alileta kiti cha magurudumu. Kilikuwa kizuri, lakini hakikupita mlango wa chumbani.

Mvua ziliisha, zikaanza nyingine. Siku moja mchana Mrefu alitokea getini, kachomwa na jua, begi mgongoni. Walikumbatiana. Mzee alipomwona mgeni aliyeinama kukwepa kizingiti cha juu cha mlango, uso wake wote, ule wa upande mmoja, ukachangamka. Kidole kikamwonyesha Mrefu, kikamwonyesha Digrii, kikaonyesha dirisha.

Digrii alimtazama Mrefu. Hakuwa amemwambia chochote.

"Shikamoo, mzee," alisema Mrefu taratibu. Alitazama kidole, akamtazama rafiki yake, na urafiki wote wa chuo ukafanya kazi yake. "Aa, huyu? Tunamsubiri huyu. Bila yeye mashine haikai sawa."

"Pumbavu!" alisema mzee kwa furaha, akapiga godoro.

Wakatoka kukaa kibarazani. Digrii alileta maji. Mrefu alikunywa yote, akaigeuza glasi mkononi. "Hakuna kikosi," alisema. "Bomba lilifika kwenye mto, mradi ukasimama. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, tumeambiwa tungoje kuitwa. Nimerudi kwa dada yangu, ndiyo kwanza nimeshuka." Akatabasamu bila meno. "Niliona nipite kuuliza. Huku kwenu hakuna kibarua chochote?"

Digrii alijichunguza, kama kuna ahueni yoyote ndani yake kwa kusikia kwamba hata angekaa kule, leo angekuwa hapa hapa. Haikuwepo. Wala uchungu mpya haukuja. Alichohisi ni kiu tu, akanywa maji yake.

Walikuwa wamekaa hivyo wakati binti mmoja wa mtaa wa nyuma aliposimama getini, akishika nguzo kwa mikono miwili. Digrii alimfahamu kwa kuonana tu. Alikuwa bintiye mwalimu mstaafu, na mwaka uliopita tu alikuwa amemaliza chuo. Alisema baba yake ameanguka juzi, upande mmoja hausikii. Ameruhusiwa leo. Kaka zake wako mbali. Amemtoa kwenye gari kwa msaada wa dereva, amemlaza, na sasa shuka imelowa na hajui amnyanyue vipi. "Wameniambia wewe unajua," alisema.

Digrii alichungulia chumbani. Mzee alikuwa amelala, mama mdogo, aliyebaki kuwasaidia, kakaa karibu yake anashona. Akanawa mikono.

Nyumbani kwa mwalimu walikuta mtu mzito, macho yamemtoka kwa woga. Digrii alimsalimia, akamweleza kila atakachofanya kabla hajakifanya. Akamwonyesha binti: goti, bega, nyonga. Mrefu alishika upande wa miguu. Walimviringisha, wakavuta shuka, wakaingiza kavu, wakamrudisha, wakapanga mito. Binti alikuwa akirudia kila neno chini chini kama mtu anayekariri kwa ajili ya mtihani.

Walipotoka, aliwafuata mpaka nje. Akauliza, kwa haya, kama kesho watakuwa na nafasi ya kuja tena.

Digrii alimtazama Mrefu. Mrefu alikuwa anatazama buti zake.

"Nafasi tunayo," alisema Digrii.